Lisilo na Jina Halivuki: Historia ya Kunakili na Kubandika Maneno, Handeni na Korogwe

Neno nakili lilitoka katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuhamisha kitu toka mahali hata mahali pengine. Waswahili walipolipokea walilikabidhi kalamu: kunakili kukawa kuyachukua maneno toka karatasi moja hata ya pili, pasipo kuyaondoa pale yalipokuwa kwanza. Bandika ni neno la Kibantu. Mpishi hubandika chungu mekoni, karani hubandika stempu juu ya barua, na kilichobandikwa pasipo mahali pake hubanduliwa. Maneno haya mawili leo yamo midomoni mwa kila mtu atumiaye kompyuta, nayo hutajwa pamoja kana kwamba ni tendo moja. Walakini ni matendo mawili, na kati ya la kwanza na la pili ipo nafasi. Ndani ya nafasi hiyo maneno yamekwisha kutwaliwa lakini hayajafika; hayaonekani kwa macho, na mwenye kuyachukua akishughulika na jambo jingine huenda asiyapate tena.

Historia ya kunakili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya jinsi watu walivyoivuka nafasi hiyo. Wilaya mbili za mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe, zafaa kuwa kielelezo chake. Kisa kikubwa cha nchi ile ni kisa cha mtu aliyetoka upande wa Handeni akapanda milima iliyo juu ya Korogwe. Na kisa chenyewe nacho kilisafiri, toka kinywa hata kalamu, toka kalamu hata chapa, na toka chapa ya kwanza hata ya pili. Yaliyokipata kisa hicho njiani ndiyo yampatayo leo karani aketiye mbele ya kioo cha kompyuta, akitaka kuhamisha mistari michache toka faili moja hata jingine.

Kabla ya mashine yo yote, vyombo vya kunakili vilikuwa kalamu ya utete, wino na karatasi, na nafasi ya kati ilikuwa kichwa cha mwandishi. Jicho lilitwaa maneno matatu au manne, akili ikayachukua, mkono ukayaweka. Safari ilikuwa fupi, lakini hatari zake zilijulikana. Neno moja likitokea mara mbili katika ukurasa, jicho lirudipo kwenye asili laweza kutua juu ya neno la pili badala ya la kwanza, na yote yaliyo katikati yakapotea. Mwandishi hajui kwamba amepoteza kitu, maana alichokiandika chasomeka vema.

Hatari ya pili ilitokana na hati. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo asili yake hazikuwa na alama ya p, v, g wala ch. Aghalabu herufi ya b ilisimama mahali pa p pia, na ya f ikasimama mahali pa v. Jina la Pangani, mji ulio kwenye mlango wa mto upitao Korogwe, liliweza kusomwa Bangani na mtu asiyeijua nchi. Kwa sababu hiyo mwenye kunakili hakuwa mkono tu. Ilimpasa ayajue mambo yenyewe aliyokuwa akiyaandika, la sivyo angeliweza kuhamisha maumbo ya herufi na kuliacha jina nyuma.

Waandishi wa pwani waliijua hatari hiyo wakaiwekea kinga. Mwisho wa kazi, chini ya mstari wa mwisho, aghalabu mwandishi alitaja jina lake na la baba yake, akaandika siku na mwezi na mwaka, akamwomba msomaji amsamehe akiona kosa. Maneno hayo hayakuwa pambo. Yalimwambia msomaji maneno yale yamepita katika mikono ya nani, ili shaka ikitokea pawe na mtu wa kuulizwa, au jamaa zake, au wanafunzi wake. Nakala yenye jina ilikuwa na mdhamini. Isiyo na jina ilikuwa kama mgeni aliyefika usiku asiseme atokako.

Jambo hili laonekana wazi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Simulizi lasema kwamba Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu katika nchi ya Nguu. Alipokuwa mtoto meno yake ya juu yalitangulia kuota, na desturi ilimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa kigego, mwenye kuleta mkosi. Jamaa zake wakamnyima urithi. Akaondoka akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa mahali hapo. Walipokuwa mawindoni mtoto yule alikufa, Mbegha akakimbia asije akalipizwa kisasi. Akapanda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mtawala wao. Kizazi chake kikaitwa Wakilindi, kwa jina la mahali alipokuwa mgeni, si kwa jina la mahali alipozaliwa.

Kwa muda wa miaka mingi habari hizi zilikaa vichwani mwa wazee. Mwenye kuzitia katika kitabu alikuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, aliyeishi Usambara zama za Semboja. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima, katika wilaya ya Korogwe ya leo, penye njia ya misafara itokayo pwani. Kimweri alikufa mwaka 1862, na baada yake jamaa zake waligombea utawala hata nchi ikagawanyika. Abdallah aliyaona mengi ya mambo hayo kwa macho yake, na yale yaliyomtangulia aliyapokea kwa masikio.

Kitabu chake kilipigwa chapa Magila, katika kiwanda cha misheni ya U.M.C.A., kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Miaka hiyo haina budi kutazamwa vema. Mwaka 1895 Wadachi walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vugha. Ufalme ulioanzishwa na Mbegha ulikuwa ukivunjwa wakati ule ule habari zake zilipokuwa zikipangwa katika herufi za risasi. Mpanga chapa alitwaa herufi moja moja toka kisanduku chake, akaziweka kinyume kama zionekanavyo katika kioo, mstari baada ya mstari, na ukurasa ukiisha kupigwa herufi zilirudishwa sandukuni kwenda kupanga maneno mengine. Kama karatasi hazikupigwa kabla ya kuvunja mpango, maneno yasingalipatikana tena humo. Habari za Wakilindi zilivuka kwa sababu wakati ulikuwa bado upo, na kulikuwa na mtu aliyezishika.

Kitabu hicho cha Magila kikawa adimu. Miaka ya 1936 na 1937 Roland Allen alitoa tafsiri ya kisa cha Mbegha kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwanawe, J. W. T. Allen, aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya maandishi ya Kiswahili, akakihariri kitabu chenyewe, nacho kikatolewa upya na East African Literature Bureau, Nairobi, mwaka 1962. Tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Tangu hapo mwanafunzi wa historia aliweza kukishika mkononi. Katika kila kituo cha safari hiyo jina la mtungaji lilibaki juu ya kitabu, pamoja na jina la baba yake na la babu yake, na jina la kila mwenye kukihamisha likaongezwa chini yake. Kwa sababu hiyo mtu wa leo aweza kubishana na Abdallah. Aweza kuuliza alikuwa upande wa nani, aliyasikia wapi, kwa nini alimsifu huyu akamlaumu yule. Habari isiyo na mwenyewe haibishiki. Huaminiwa yote au hutupwa yote.

Si wote waliopata bahati hiyo. Mwaka 1906 ilitokea kamusi ya Kizigua na Kiingereza iliyotengenezwa na Walter Kisbey wa U.M.C.A. Ni kazi ya faida kubwa, na Wazigua wa Handeni na wa Korogwe wana sababu ya kuishukuru. Lakini maneno yake hayakuzaliwa na Kisbey. Yalitamkwa na Wazigua, wake kwa waume, walioulizwa jina la mti, la ndege, la sehemu ya nyumba, wakajibu. Jina lililo juu ya jalada ni la mkusanyaji. Maneno yalivuka, waliyoyatoa walibaki ng'ambo.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni. Hapo kunakili kukawa kazi ya kila siku ya ofisi. Kibarua wa mkonge alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na shamba nalo lilikuwa na daftari lake. Alama ya kadi na alama ya daftari zilipasa kuwa moja. Siku iliyosahauliwa kuhamishwa toka hapa hata pale haikuwa kosa la maandishi tu, bali jasho la mtu lililokosa ujira.

Katika boma, zama za Kiingereza, ilikuja mashine ya taipu na karatasi ya kaboni. Karani alipanga karatasi nyeupe, kaboni, karatasi nyeupe, kaboni, akapiga herufi mara moja zikatokea katika zote. Nafasi kati ya kunakili na kubandika ilikaribia kwisha, kwa kuwa asili na nakala zilizaliwa pamoja. Walakini yalitokea mambo mawili mageni. Nakala za chini zilififia hata ya mwisho ikawa kama kivuli. Na kosa la herufi moja liliingia katika karatasi zote kwa pigo moja. Kalamu ya utete ilikosa mara moja mahali pamoja. Taipu ilikosa mara tano, na mashine ya stensili ikakosa mara mia.

Ofisi zikarudia kinga ya wazee. Barua ya serikali hata leo ina mstari wa chini uanzao kwa neno Nakala, utajao wote waliopelekewa. Na cheti kilichonakiliwa hakipokelewi katika ofisi nyingi mpaka kigongwe muhuri na mtu mwenye mamlaka, aandike jina lake na tarehe kwamba nakala hiyo ni sawa na asili. Wakuu wa wilaya wa Kiingereza nao waliacha vitabu vya wilaya, cha Handeni na cha Korogwe miongoni mwake, vyenye habari za makabila, za watawala na za mashamba, na vitabu hivyo vikapigwa picha katika filamu ndogo ili visomwe mbali na pale vilipoandikwa.

Wahariri wa magazeti na vitabu, katika nchi nyingi, walikuwa na desturi nyingine. Aya isiyokaa mahali pake walikuwa wakiikata kwa mkasi na kuibandika kwa gundi mahali pafaapo. Larry Tesler, Mmarekani aliyekufa mwaka 2020, aliitia desturi hiyo katika kompyuta. Kati ya mwaka 1974 na 1975 yeye na Tim Mott, wakiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Kalifonia, walitengeneza kihariri kilichoitwa Gypsy, ambamo mtu aliweza kuyachagua maneno kwa kipanya, akayakata au akayanakili, akayabandika kwingine. Mkasi na gundi vikabaki majina tu.

Lakini kabla ya kipanya kuenea walikuwapo watu waliokuwa wakiyahamisha maneno kwa kibodi peke yake, na njia yao haijafa. Kompyuta za zama hizo zilikuwa kubwa na za gharama, zikitumiwa na watu wengi pamoja, kila mmoja ameketi penye terminali yake. Kihariri TECO, kilichotungwa na Dan Murphy mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa na mahali pa kuweka maneno kando, kila mahali pakiwa na jina la herufi au tarakimu moja. Mahali kama hapo paweza kuitwa kibweta, kwa kuwa pafanya kazi ya kile kisanduku kidogo ambamo mwandishi wa zamani aliweka hati zake njiani. Hapo nafasi ya kati ya kunakili na kubandika ilitoka katika kichwa cha mtu ikawa chombo kinachoweza kupewa jina.

Kihariri kilichoieneza zaidi elimu hiyo kiliitwa vi, kilichotungwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha Berkeley katika miaka ya 1970. Joy aliitumia kompyuta ya mbali kwa njia ya simu, kwa kasi ya biti 300 tu katika sekunde moja, ambayo ni kama herufi 30. Kwa mwendo huo amri ndefu ilikuwa mateso. Kwa hiyo alizifanya amri zake kuwa herufi moja au mbili. Terminali aliyoitumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na vitufe hivyo vikawa ndivyo vya kumwongoza mtu kushoto, chini, juu na kulia. Kipanya hakikuwapo, wala hakikuhitajiwa.

Katika kihariri hicho mtu akipiga yy, mstari alipo hunakiliwa. Akipiga p, hubandikwa chini ya mstari alipokwenda. Akipiga P kubwa, hubandikwa juu yake. Akipiga dd mstari hukatwa, nao hutunzwa uweze kubandikwa kwingine. Asiposema neno zaidi, maneno yote hayo huingia katika kibweta kimoja kisicho na jina. Hapa ndipo wanafunzi wengi huumia. Anakili mstari, aende mahali anapoutaka, aone njiani mstari mwingine usiofaa, aukate. Afikapo apige p, na tazama, utokao ni ule aliokwisha kuutupa. Kibweta kisicho na jina hakishiki mambo mawili. La mwisho limelisukuma la kwanza nje.

Dawa yake ni jina. Mtu akipiga alama ya mtajo, kisha herufi a, kisha yy, mstari huingia katika kibweta kiitwacho a, na haugusiki na yale yafanywayo baadaye mpaka a itajwe tena. Vipo vibweta 26, toka a hata z. Herufi ikiandikwa kubwa, A, maneno mapya hayafuti yaliyomo bali huongezwa nyuma yake. Vipo pia vibweta vya tarakimu, 1 hata 9, vinavyoshika mistari iliyokatwa hivi karibuni, mpya ikiwasukuma wakongwe mpaka wa kumi aanguke. Maelezo ya awali ya vi yaliongeza onyo moja ambalo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila maktaba: mtu atokapo katika faili moja kwenda jingine, yaliyomo katika vibweta visivyo na jina hupotea, na yaliyopewa jina hubaki. Lisilo na jina halivuki.

Mfano wake waweza kutolewa katika nchi ile ile ya Mbegha. Mwaka 2002 wilaya ya Kilindi ilikatwa toka Handeni. Songe, Kwediboma na Kilindi yenyewe zilipasa kutoka katika orodha ya zamani ziingie katika mpya, na Kang'ata, Sindeni na Mkata zibaki. Na ichukuliwe kwamba karani anafanya kazi hiyo kwa vi. Asimama juu ya mstari wa Songe, aukate kwa kuutia katika kibweta a. Ashuke mpaka Kwediboma, aukate kwa kuutia katika A kubwa, ili uandamane na Songe usiufute. Vivyo hivyo Kilindi. Kisha ahifadhi faili la Handeni, afungue la pili, apige alama ya mtajo, a, na p, na mistari mitatu itokee kwa mpango. Lakini akisahau jina, akate mitatu kwa dd tupu na kuihifadhi orodha ya Handeni, kisha afungue faili la pili, basi kwa vi ya awali sehemu tatu za nchi hazimo katika Handeni wala hazimo katika Kilindi. Zimebaki katika nafasi ya kati, na nafasi hiyo imekwisha kufungwa.

Vihariri vingine vilichagua njia nyingine. Katika Emacs, iliyoanzishwa na Richard Stallman na wenzake mwaka 1976, kila kilichokatwa huingia katika mlolongo kama shanga katika uzi, na mtumiaji aweza kurudi nyuma shanga kwa shanga mpaka akipate akitakacho. Ajabu ni kwamba neno moja la Kiingereza, lenye maana ya kuvuta kwa ghafla, katika vi ni jina la kunakili, na katika Emacs ni jina la kubandika; mmoja aliutazama mwanzo wa safari, wa pili akautazama mwisho. Kihariri nano, kipendwacho na wanaoanza, hukata mstari kwa Ctrl na K na kuubandika kwa Ctrl na U. Kibweta chake ni kimoja tu, na mwenye kukitumia hana budi kubandika upesi.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Mholanzi Bram Moolenaar alitaka kuwa na vi katika kompyuta yake ya Amiga. Mwaka 1988 akaanza kazi juu ya programu iliyokuwa imetungwa na wengine kwa kuiga vi, na mwaka 1991 akaitoa kwa watu. Akaiita Vim, na mwanzoni jina hilo lilifupisha maneno yenye maana ya mwigo wa vi. Baadaye maana ikageuzwa kuwa vi iliyoboreshwa. Ilikuwa nakala iliyokiri asili yake. Mwaka 1994 Moolenaar alikaa mwaka mmoja Kibaale, katika wilaya ya Rakai, kusini ya Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto ambao wengi wao walifiwa na wazazi kwa UKIMWI. Aliporudi hakudai bei ya programu yake. Aliruhusu kila mtu ainakili atakavyo, akaomba tu kwamba anayeipenda awachangie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi kila aliyeifungua Vim pasipo faili, Tokyo au Toronto, alikutana na mstari ukiomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikufa mwezi wa Agosti, 2023. Nakala za kazi yake hazihesabiki, na jina la Uganda lilisafiri ndani yake, kwa kuwa alilibandika mahali ambapo mwenye kunakili hakuweza kulikosa.

Kompyuta nayo ina hatari yake ya herufi, mfano wa ile ya p na b. Kiswahili chaandikwa kwa herufi chache zisizo na mapambo, isipokuwa ritifaa ya ng'. Katika terminali ritifaa hupigwa kwa alama iliyo wima. Programu nyingi za kuandikia barua huibadili, pasipo kuulizwa, kuwa alama iliyopinda. Kwa jicho ni ndugu mapacha. Kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana. Basi mtu akinakili jina la Kang'ata toka barua na kulibandika katika orodha yake, kisha siku nyingine akatafuta Kang'ata kwa kulipiga mwenyewe, ataambiwa halipo, nalo lipo mbele ya macho yake. Katika terminali za zamani alama iliyopinda hugeuka kuwa alama tatu ngeni katikati ya jina. Hatari nyingine ni ya ngazi: maneno yatokayo nje yakibandikwa katika Vim, programu yaweza kudhani yanapigwa na mkono wa mtu, ikaongeza nafasi mwanzoni mwa kila mstari, na aya ikateremka kwenda kulia kama ngazi. Yapo maagizo ya kuzuia hayo, lakini hayamfai asiyetazama alichokibandika. Mwandishi wa kale aliyeijua Pangani hakuweza kuandika Bangani. Karani aijuaye Kang'ata ndiye atakayeona kwamba ritifaa imepinda.

Mwezi wa Desemba, 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na katika miaka hiyo maneno kata, nakili na bandika yalianza kuonekana katika kioo cha kompyuta yenyewe. Siku hizi simu ya mkononi imeyafikisha kila kijiji. Habari za koo za Wazigua na za Wasambaa zanakiliwa na kubandikwa toka simu hata simu, upesi kuliko kaboni, na aghalabu pasipo jina la mzee aliyezisema, wala mahali, wala mwaka. Zimo katika kibweta kisicho na jina. Zitaonekana mpaka nyingine ije izisukume, na ikiwa zina kosa, hapana wa kuulizwa.

Abdallah bin Hemedi angeliweza kuandika kisa cha Mbegha asitie jina lake, na watu wa Magila wangeliweza kukipiga chapa hivyo hivyo. Kisa kingekuwa kizuri vile vile kwa masikio. Lakini wakati kitabu kilipokuwa adimu, asingalikuwapo wa kutafutwa, wala pasingalikuwa na sababu ya kuipendelea habari hii kuliko nyingine. Mwenye kunakili leo neno la mzee wa Nguu au wa Mazinde, ajapotumia kitufe kimoja badala ya kalamu ya utete, amebaki na wajibu ule ule wa mstari wa chini: aandike limetoka kwa nani, lilisemwa wapi, siku gani, na ni mkono wa nani uliolihamisha. Kisha alitazame tena kabla ya kuhifadhi.